Gunia la Fundi Elia

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mkono wangu hujikunja ngumi wenyewe, na mimi ni mzee niliyepaswa kuwa nimekwisha kupoa. Mungu amenitendea mema mengi. Amenipa mke, watoto, na nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu hapa Karatu, na kila asubuhi namshukuru kabla sijanywa chai. Lakini kushukuru si kupofuka. Kaa nikueleze, kwa sababu nasikia na wewe sasa una karakana yako ya magari, na vijana wanajifunza kwako.

Baba yangu alifariki nilipokuwa nimemaliza darasa la saba, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Mama alibaki na mimi na wadogo zangu kule Mbulumbulu, na shamba moja la mteremko. Akaamua nijifunze uashi. Alisema shamba hugawanywa mpaka likaisha, lakini kazi ya mikono haigawanyiki. Akamtoa mbuzi wake jike, mwenye mimba, tukampeleka kwa Fundi Elia. Ndiyo ilikuwa desturi yetu: mzazi hupeleka mbuzi, fundi humpokea kijana, na kijana halipwi mshahara. Hupewa chakula, mahali pa kulala, na ruhusa ya kwenda kwao kupanda mvua zinapoanza. Hayo ndiyo malipo yake, pamoja na ufundi wenyewe.

Nitasema kwa haki: Fundi Elia hakuwa mlevi, wala hakutupiga. Alikuwa mwashi hodari na mzee wa kanisa. Aliomba kabla ya kula, sala ndefu, uji ukapoa. Lakini mwaka wa kwanza nilibeba tope. Mwaka wa pili nilibeba tope na matofali. Mwiko wa kujengea niliushika jioni tu, wakati wa kuuosha. Mwenzangu Safari, kijana wa kutoka Mbulu aliyenitangulia pale, alikuwa bado hajapanga hata tofali moja ukutani.

Ukiomba ujira kidogo wa kununulia sabuni, Fundi alisema, "Wewe unajifunza. Mwanafunzi halipwi." Ukiomba kufundishwa, alisema, "Kazi kwanza. Mwenye nyumba anasubiri." Unauona mtego ulivyotegwa? Alitunyima fedha kwa sababu tunajifunza, akatunyima kujifunza kwa sababu kuna kazi.

Na methali alikuwa nazo za kututosha. Mvumilivu hula mbivu, alituambia kila siku. Tukavumilia sisi, mbivu akazila yeye. Jihadhari sana, mwanangu, na mtu anayekuhubiria subira huku amekalia haki yako. Subira ni tunda la Roho. Haikuumbwa iwe kufuli ya ghala la mtu mwingine.

Basi mwaka wa tatu mvua za masika zilianza vizuri. Udongo wetu mwekundu ukalainika, kila mtu akawa shambani. Fundi akafunga kazi ya ujenzi, akatuchukua mimi na Safari hadi kwenye shamba lake kubwa Mbulumbulu, tukalime na kupanda. Shamba lile lilitazamana na kwetu. Bonde moja tu lilitutenga. Nikiinua kichwa namwona mama ng'ambo, peke yake kwenye mteremko, anainama na kuinuka. Wadogo zangu walikuwa bado hawana nguvu ya jembe. Nilimwendea Fundi.

"Fundi, mvua ndiyo hii. Naomba ruhusa nikampandie mama."

"Utakwenda. Malizia huku kwanza."

"Huku hakuishi leo wala kesho, Fundi. Tulikubaliana na mama."

"Emanueli, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Safari aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Tumeinama mpaka mgongo umesahau kunyooka."

Fundi alimsikia. Siku ile hatukula mchana. Tulipomaliza mahindi akaleta maharage. Tulipomaliza maharage akasema mbaazi. Nilipopata ruhusa mvua zilikuwa zinaaga. Nilimkuta mama amepanda kipande tu, viganja vimechubuka. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja: "Mwiko umeshika?" Nikamwambia bado. Akageuka akaendelea kupalilia.

Maharage yetu yalitoa maua mvua zikiwa zimekatika. Unajua maana yake. Ni kula makande ya mahindi matupu, na kwenda kwa jirani na kibakuli. Safari hakusubiri mavuno. Alikwenda kuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya ngano, kule ambako angalau mwisho wa mwezi mtu huitwa jina akapokee mshahara wake.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kila nyumba ilipeleka kanisani ilichojaliwa, na baada ya ibada tukatoka nje kwa mnada, kama ilivyo hadi leo. Mnadishaji alikuwa Petro, kijana mcheshi kuliko wote katika kwaya. Alianza na jogoo.

"Jogoo huyu akiwika hapa, Mang'ola wanaamka! Nani anamchukua?"

"Mbona amenyamaza?" mtu akapaza sauti.

"Ameokoka, siku hizi anaomba kimoyomoyo!"

Watu walicheka, jogoo akauzika. Yakafuata maboga, mayai, kitambaa cha meza. Kisha Petro akapiga kofi gunia kubwa la maharage, limejaa mpaka shingoni.

"Gunia la Fundi Elia! Haya, wenye watoto wengi, nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Petro akarudia. Wanawake walitazama vitenge vyao. Mbulumbulu nzima ilikuwa imetuona tukilima shamba lile, na ilikuwa imemwona mama ng'ambo ya bonde. Fundi akasafisha koo akasema atalinunua mwenyewe, libaki kuwa sadaka.

Hapo akasimama Mzee Qamara. Alikuwa mkubwa kuliko wazee wote wa kanisa letu, mtu wa maneno machache.

"Elia," aliuliza, "maharage haya nani alilima?"

"Vijana wangu, mzee. Ninawafundisha kazi."

"Unawafundisha kazi gani?"

"Uashi, mzee."

"Mbona walikuwa wanalima? Kulima mama zao waliwafundisha."

Watu waliguna. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa kofia. Mzee Qamara hakucheka. Sauti yake ikapanda kwa hasira mpaka watoto waliokuwa wakicheza wakasimama.

"Umechukua mbuzi wa mjane! Umechukua mvua ya mjane! Sasa unamletea Mungu maharage yake mjane, umpe Mungu sehemu ya wizi wako? Ondoa gunia hili hapa. Lipeleke kwa mwenyewe, kisha ndiyo urudi kuomba."

Fundi akanigeukia, mbele ya watu wote, kwa mazoea tu. "Emanueli, beba twende."

Mwanangu, magoti yangu yalikuwa yameshaanza kutii. Mtu akizoea kuamrishwa, mwili wake hutangulia akili. Nikamtazama mama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alinitazama tu. Nikabaki nimesimama. Hakuna aliyemsaidia. Fundi Elia akalivuta gunia mgongoni akiwa amevaa suti yake ya Jumapili, akashuka nalo bonde na kupanda nalo kilima, sisi tukimfuata nyuma.

Alilitua mlangoni kwetu akihema. Nilidhani mama atashukuru, maana njaa ilikuwa ndani ya nyumba. Mama akasema, "Asante kwa kutubebea. Haya tutayala, yataisha. Mimi sikukupa mtoto ili unirudishie maharage. Ufundi wake uko wapi?"

Jumatatu Fundi alinipa mwiko na kunionyesha ukuta. Mstari wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya ng'ombe, akaubomoa, nikapanga upya, akaubomoa tena. Hakunifundisha kwa upendo, lakini alinifundisha, na kabla masika mengine hayajafika nilijua kusimamisha kona. Mjini Karatu jina langu likanitangulia, na nyumba ya mama nikaijenga mimi, msingi hadi juu. Fundi Elia nilimsamehe angali hai, na jeneza lake nililibeba bega kwa bega na watoto wake. Mtu nimemsamehe. Desturi ile sijaisamehe, wala sitaisamehe.

Kwa sababu Safari hakurudi. Nilimfuata kule kwenye ngano, nikamwambia mambo yamebadilika. Akanionyesha mikono yake akasema, "Ndugu yangu, nimekwisha choka kuitwa mwanafunzi." Alikuwa na jicho la ufundi kuliko mimi. Alikuwa akitazama ukuta kwa mbali na kusema umepinda wapi, na Fundi akipima kwa timazi anakuta kweli. Alizeeka akibeba magunia ya watu, na hakuna nyumba hata moja katika nchi hii unayoweza kuigusa ukasema Safari alijenga hapa. Hilo nani atalipeleka mlangoni kwake?

Basi nasikia kwako wapo vijana wanaoosha magari ya watalii toka asubuhi hadi jioni, na chini ya boneti hawajawahi kuinama. Nasikia unawaambia wavumilie. Acha, mwanangu. Ukimpokea kijana, sema mbele ya mzazi wake na shahidi mmoja utamfundisha nini, na lini ataanza kukishika chombo mwenyewe. Mpe chakula cha kushiba. Mpe ujira, hata uwe mdogo, lakini usiulaze kwako, maana Neno linatuonya kwamba mshahara uliozuiliwa hulia na kilio chake husikika juu. Akihitajika kwao, mwachie aende wakati anaohitajika, si baadaye. Ukisema unamlipa kwa ujuzi, basi mlipe ujuzi huo. Ukimnyima, wewe ni mwizi, hata ukiwa unaomba sala ndefu. Na kijana anayejifunza kwako mwambie hivi: heshimu mwalimu wako, tii, fika mapema. Lakini uliza. Kuvumilia ni wema. Kunyamaza mbele ya dhuluma ni kuifuga.

Nimesema kwa ukali kwa sababu nakupenda, na kwa sababu siku zangu za kusema si nyingi. Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Akupe vijana watakaokushinda ujuzi, nawe ufurahi wakikushinda. Wakilitaja jina lako mbele za Mungu, walitaje kwa shukrani. Amina.