Kosa la Darasa Zima

Shangazi yangu alijua kusoma akiwa tayari na watoto wanne na mgongo unaomsumbua, kwa hiyo usimwambie kitu kuhusu watu wazima wazito wa kuelewa. Utajuta. Jioni, wanafunzi wa shule ya msingi wakishatoka, huingia darasa lao la mwisho, lile lililo jirani na choo, akawapokea watu wenye mvi wanaokaa kwenye madawati yasiyoingiza magoti. Kila Ijumaa hukaa dawatini yeye, wao wakasimama mbele kumweleza alichokifundisha ovyo wiki hiyo. Hununa, kisha Jumatatu hukifundisha upya kwa njia nyingine.

Siku moja akaja mratibu wa elimu ya watu wazima, kijana nadhifu mwenye kishikwambi, mdomo umejaa uboreshaji endelevu na viashiria vya utendaji. Akatangaza kwamba kila darasa litapimwa, na litakaloshindwa litanyang'anywa chumba. Halafu akamvuta shangazi pembeni. Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuja kumchukua kwa pikipiki.

"Mama, yule mzee fundi viatu, muhula wa ngapi huu? Mtoe kabla ya kipimo. Anakushushia wastani."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Apumzike nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi."

"Mimi sikunji samaki, mwanangu. Nafundisha watu."

Nilitamani kumzaba kofi yule kijana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye hata kuugusa hajaugusa.

Siku ya kipimo, katika darasa zima, mratibu alimwita nani ubaoni? Fundi viatu. Sitaki kusikia habari za bahati mbaya. Akampa mia nne na mbili, atoe mia moja sabini na tano. Mzee ana tatizo lake moja: kila safu hutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu iwe chini. Akaandika mia tatu sabini na tatu, akapangusa vidole.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," akasema mratibu.

Mikono yote ikapanda. Hata wa mkwe wa mzee huyo, mke wa mwanawe, mpishi wa shule ileile, ambaye hesabu kama hiyo huifanya kichwani huku anakoroga sufuria.

"Darasa zima sifuri," akasema mratibu. "Mama, nilikuonya. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nakuja tena baada ya wiki mbili. Nikimkuta huyu, chumba mtakisikia tu."

Alipoondoka, mzee akachukua mfuko wake. "Nimewaponza, mwalimu. Acha nikashone viatu vyangu."

"Kaa chini."

"Mwalimu, si umesikia..."

"Nimesikia. Kaa." Shangazi akawageukia wengine, macho yamewiva. "Na nyie? Mlijua si sawa. Mikono juu ya nini?"

Mpishi akasema, "Baba keshaandika. Mimi nani nimwaibishe mbele ya mgeni?" Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Nilidhani atawafokea. Alikaa juu ya dawati akacheka hadi akashika mgongo. "Basi kosa ni langu," akasema. "Nimewafundisha hesabu, na kunisema Ijumaa; sikuwafundisha kubisha papo hapo, kosa likiwa bado ubaoni."

Tangu kesho yake akawa anakosea makusudi ubaoni, na haendelei mpaka asahihishwe. Siku za kwanza walikohoa tu. Halafu wakaanza kuguna. Wiki ya pili walimrukia kama watoto, na aliyepiga kelele kuliko wote ni mzee, hata pale ambapo shangazi alikuwa sawa.

Mratibu akarudi. Mzee alikuwa dawati la mbele kabisa, shati limepigwa pasi. Nilimwona shangazi akikunja mikono kifuani, na kwa kweli niliogopa. Kile chumba ndicho maisha yake.

"Mia tano na tatu, toa mia mbili sitini na nane," akasema mratibu, kwa hasira. Mzee akaenda ubaoni, akaandika polepole: mia tatu sitini na tano.

"Wanaokubali?"

Hakuna mkono. Mpishi akasimama. "Samahani, baba. Umekosea. Sifuri haitoi sita, azima kumi kwa jirani. Jibu ni mia mbili thelathini na tano."

Wote wakasema ndiyo. Mratibu akatazama kishikwambi chake, akatutazama.

"Haya, darasa limepona," akasema. "Lakini huyu mzee, mama, ndiyo yaleyale. Namwandikia amefeli, atoke."

Shangazi akafungua mdomo. Mzee akamwahi, chaki bado mkononi, anafuta jibu lake kwa kiganja.

"We kijana, nani kakwambia nimemaliza?"