Shimo Lisilotafuta Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, Ruiru, Fundi Mkuu alinikabidhi koleo na kunionyesha mtambo wa kuchimba visima. "Kijana, hapa tunatafuta kitu moja tu. Maji." Jioni maji yaliporuka, wote walipiga makofi, na yeye akatuamuru tunawe uso kwa maji hayo ya kwanza, matope na yote. Desturi hiyo sikuiacha tena. Nilichimba Ruiru, nikahamishiwa Eneo la Viwanda Thika, nikapanda cheo hadi nikawa mimi ndiye Fundi Mkuu, na kila kisima nilinawa uso.

Basi fikiria nilivyoshangaa, nikiwa karibu kustaafu, Injinia wetu mpya, binti mdogo mwenye haraka, aliponipeleka kwenye nyumba ya kale ya mawe karibu na maporomoko ya Chania na kuniambia, akiniita babu kwa Kikuyu, "Guka, hapa hatutaki maji."

"Sasa tunachimba nini, Injinia?"

"Joto."

Nilicheka hadi kofia ikaanguka. Lakini alinieleza, na mimi mtu mzima nikasisimka kama mtoto. Chini kabisa ardhi haijui Julai wala Februari. Joto lake ni lile lile. Unateremsha bomba la plastiki lililopinda chini, maji yanazunguka ndani yake, na pampu ya joto inachukua joto la ardhini na kulipandisha sakafuni. Wakati wa jua kali inageuza kazi, inatoa joto nyumbani na kulizika. Kuta za kale haziguswi.

Nyumba hiyo ilikuwa makao ya wazee, na kila Julai walitetemeka kwa baridi. Mwenyekiti wa kamati alituambia waziwazi: chumba kimoja cha majaribio kisipopata joto, nyumba inauzwa, inabomolewa, wazee wanatawanywa. Chumba kilichochaguliwa kilikuwa cha Cucu Wanjirũ, bibi kizee aliyevaa sweta mbili na kulala na soksi. "Mimi sihami," aliniambia. "Watanitoa hapa na machela."

Tuling'oa mbao za sakafu moja moja, tukazipa namba, tukalaza mabomba, tukazirudisha. Shimo nje nililichimba mwenyewe. Injinia alikuwa Nairobi siku tuliyoteremsha bomba, nami nikalijaza shimo kokoto safi, kama nilivyojaza visima maisha yangu yote. Nilijiona hodari sana.

Pampu ilipowashwa, sakafu ikabaki baridi. Mwenyekiti akakunja uso. "Kwa hivyo hii mashine ni mbovu?"

Injinia alinigeukia. "Guka, hiyo shimo ulijaza na nini?"

"Kokoto. Si ndio kawaida?"

"Kawaida ya maji! Sehemu ya juu ya shimo ni kavu, katikati ya kokoto ni hewa tupu. Joto itapitia wapi?"

Niliona aibu, jamani. Ningeweza kuitupia lawama mashine, na Mwenyekiti alikuwa tayari kuamini. Nikamtazama Cucu mlangoni na sweta zake. "Mashine ni nzima," nikasema. "Makosa ni yangu. Nipe wiki moja."

Alinipa, shingo upande. Tulichimba shimo jipya kando, na safari hii tukalijaza kutoka chini kwenda juu kwa uji mzito wa saruji na udongo laini, ulioshika bomba pande zote. Sikulala vizuri wiki nzima.

Asubuhi ya majaribio ya pili ilikuwa na ukungu na manyunyu. Tulisubiri chumbani. Cucu akainama kitandani, akavua soksi, akashusha miguu sakafuni.

"Ĩĩ! Nani amewasha moto huko chini?"

Kelele zilizolipuka hapo! Mwenyekiti mwenyewe alipiga makofi.

Nimestaafu sasa, naishi Kamenu, na kila Julai hupita kumsalimu Cucu, chumba kile kile. Vijana huniuliza ni kisima kipi ninachojivunia zaidi. Nawaambia ni kile kisichotoa hata tone. Asubuhi ile nilipiga magoti mbele ya watu wote, nikaweka viganja juu ya mbao hadi vikapata joto, kisha nikavipitisha usoni.