Nilichora reli ya chaki sebuleni, jumuiya ikazuiwa mlangoni

Wakuu, heshima zenu. Hiki kisa ni cha kweli mwanzo mwisho, na kama kuna jirani yangu wa Lushoto humu amenitambua, naomba akaushe.

Mimi ni fundi simu hapa mjini, ila nimekulia Mombo, huko chini kwenye joto. Baba yangu, Tate kama tunavyomwita kwa Kishambaa, alikuwa mnyapara wa genge la reli, wale mafundi wa kukarabati njia. Nikiwa mdogo alikuwa ananipakia kwenye toroli lao. Wanaume wawili wanasukuma huku wanakimbia juu ya chuma, likishika kasi wanadandia. Treni ikikaribia, wote chini, toroli linabebwa pembeni mpaka ipite.

Utamu wa zile safari haujanitoka mpaka leo.

Sasa mwaka huu nikaona mtandaoni mzungu mmoja, mtu mzima kabisa, kajenga treni ndogo ndani ya nyumba yake. Nikasema hata mimi. Nikachukua chaki, nikachora ramani nzima kwenye sakafu ya sebule, saizi ileile itakayojengwa. Mombo chini ya TV, reli inazunguka makochi, inaishia Lushoto mlangoni.

Mke wangu, Mama Neema, aliangalia tu. Akasema Jumamosi jumuiya inasali kwetu, na nikimwaibisha mbele ya wageni nafuta kila kitu na hilo wazo nalizika. Nikakubali.

Turudi kwa Tate. Tangu mama afariki tulimleta akae kwetu, na miezi yote hiyo alikuwa mtu wa kukaa kitandani akitazama ukuta. Chakula anarudisha nusu. Iliniuma sana na sikujua la kufanya.

Siku niliyochora, akatoka chumbani.

Akaikagua ile reli ya chaki kwa fimbo yake kuanzia TV mpaka mlangoni. Akasema nimepotosha, reli haijawahi kupanda Lushoto tangu dunia iumbwe. Halafu kona ya kwenye kabati ni kali mno, treni itaanguka. Ile kona nimeichora upya mara tatu.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi ananigongea mlango. Kumbe genge lilikuwa linakagua reli kila asubuhi kabla ya treni ya kwanza. Nikamwambia Tate, hii ni chaki. Akasema anajua ni chaki, ana macho. Tukakagua.

(Mzee akili zake timamu, wakuu, msianze kunishauri hospitali.)

Mama Neema akideki, Tate anakuja mpaka kibandani kwangu kuripoti kwamba reli imekatika karibu na meza.

Jumamosi ikafika. Jumuiya hao, kama watu ishirini, mwinjilisti mbele na Biblia yake. Mlangoni wakamkuta Tate kasimama, kanyoosha kitambaa chekundu cha kochi. Hapiti mtu, genge liko kazini.

Genge ni mimi. Nimepiga magoti na chaki mkononi, narudishia kipande kilichoondoka na deki ya mchana.

Mwinjilisti akatoa shikamoo, Tate akaitikia vizuri tu, kitambaa hakushusha. Mama Neema akanipiga lile jicho ambalo wenye ndoa mnalijua. Nikajua hapa reli imekufa na Tate anarudi kutazama ukuta.

Ndipo akasogea bibi mmoja wa jumuiya, zamani alikuwa anauza ndizi stesheni ya Mombo. Akasimama mbele ya kitambaa, akauliza taratibu:

"Mnyapara, njia tayari?"

Tate akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akashusha kitambaa.

"Tayari. Piteni, msikanyage reli."

Watu ishirini wakaivuka chaki mmoja mmoja, kina mama wamekamata vitenge. Jioni ile Tate alimaliza sahani nzima ya wali. Jumatatu nikamkuta Mama Neema anadeki kwa kuizunguka reli.

Juzi nikamwambia Tate sasa naagiza treni. Akauliza treni ya nini.

"Tengeneza toroli. Liwe na pa kukaa mtoto."

Nilitoka nje kidogo, wakuu, macho yaliingia vumbi.

Nilichojifunza: mzee akinyamaza, usimuulize anaumwa wapi tu, mtafutie kazi. Mwenye ujuzi wa kuchonga toroli dogo la mbao anielekeze hapa chini, na wa kunicheka ruksa. Ila mimi nawahi kulala, saa kumi na mbili nina ukaguzi.