Ibada Kwanza, Dawa Baadaye

Kwetu Moshi, kikundi cha kanisa kikisafiri hata kwa mazishi hubeba kinanda. Tulipovuka mpaka kwenda Isiolo kwa misheni ya wiki mbili, tulikibeba pamoja na masanduku ya dawa. Dereva wetu ndiye aliyekuwa mpiga kinanda, na mimi ndiye niliyekuwa muuguzi pekee.

Siku tuliyokwenda kijiji cha Gotu, watu walikuwa wameketi chini ya turubai tangu asubuhi. Mama mmoja Mborana alinisalimu, "Salaam aleikum, sista," akafunua mtandio kunionyesha mtoto wake mchanga. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na nilipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama.

"Anahara tangu juzi," alisema. "Sasa amekataa kunyonya. Mtoto yangu anaisha."

Dawa zilikuwa pale pale mbele yetu, masanduku yamefungwa utepe mwekundu. Desturi yetu ni kwamba sanduku halifunguliwi kabla ya kuwekwa wakfu, na haliwekwi wakfu kabla ya utambulisho. Na utambulisho wetu, jamani, mnaujua. Kila mmoja husimama, husifu Bwana, hueleza alivyookoka, kisha huanzisha pambio. Hapa tulikuwa na mkalimani, kwa hiyo kila neno lilisemwa mara mbili.

Nilimwendea kiongozi wetu, nikamnong'oneza kwamba kuna mtoto anakufa.

"Dada yangu, tumtangulize Mungu," alisema kwa upole, bila kunitazama. "Tunamaliza sasa hivi."

Hawakumaliza. Nilipogeuka nilimwona yule mama amesimama katikati ya waimbaji, mtoto amelegea begani, mkono mmoja juu, naye anaimba. Hakujua maneno, alikuwa akidaka miisho tu. "Haleluya," aliimba, na macho yake yalikuwa kwenye masanduku. Hapo nikaelewa anafikiri nini. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nilikata utepe kwa mkasi wa bandeji. Nikakoroga pakiti ya chumvi na sukari kwenye maji, tukamnywesha mtoto kwa kijiko, akatapika yote. Alihitaji dripu, na dripu ilikuwa hospitalini, Isiolo mjini. Dereva alikuwa amefumba macho, vidole kwenye kinanda, funguo za gari mfukoni. Nikachomoa waya. Wimbo ukakatika, na wenzangu wakanitazama kana kwamba nimebomoa madhabahu.

"Twende," nikamwambia dereva. "Tutaimba tukirudi."

Njia ilikuwa mawe matupu mpaka tulipoipata lami Ngaremara. Mama hakuacha kuimba. Sauti ilimwishia, akaendelea kwa kunong'ona, huku mimi nikihesabu pumzi za mtoto na kumwomba Mungu yule yule tuliyemtanguliza.

"Pumzika, mama," nilimwambia.

Alitikisa kichwa. "Nikinyamaza, watakataa kunipa dawa."

Nilimwambia hakuna atakayekataa. Hakuniamini, na kwa nini aniamini? Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliomketisha asubuhi nzima mbele ya masanduku yaliyofungwa.

Hospitalini walihangaika kutafuta mshipa mikononi na miguuni, wakaupata kichwani. Mtoto akalia, sauti nyembamba kama ya paka. Nami nikalia palepale, mbele za watu, bila hata kujificha. Walisema bado ni mapema kujua kama atapona.

Baadaye kidogo muuguzi wa zamu, msichana mwenye hijabu, alikuja na chupa nyingine ya dripu. Mama alipomwona alisimama haraka, akajipangusa uso kwa mtandio, akainua mkono, akaanza upya: "Haleluya, haleluya."

Muuguzi alisimama na chupa yake mkononi, akanigeukia.

"Huyu mama anafanya nini?"

"Analipia dawa," nilimjibu.