Wanaolia Ndani ya Yai

Jirani yangu Muthoni huangua vifaranga hapa Runyenjes, na nusu ya kuku wa mtaa huu wametoka kwenye mashine yake. Asubuhi ya kuangua, vifaranga huanza kulia mayai yakiwa bado mazima. Muthoni huinama akawaitikia kwa kugonga ulimi mpaka maganda yatoboke. Nilizoea kumcheka. Alisema tangu Ireri afe, hiyo ndiyo sauti pekee inayomtuliza.

Ireri, mumewe, alichukuliwa na mamba ukingoni mwa bwawa la Kiambere, Muthoni akiwa papo hapo na ndoo mkononi. Waliomtafuta baadaye hawakupata hata kiatu. Ndipo akahamia huku juu, mbali na maji.

Mwezi uliopita Sheila, bintiye anayefundisha bayolojia, akaja na somo lake. Namlaumu mpaka leo. Si kila kitu cha darasani hubebwa nyumbani. Tulikuwa tukinywa chai, akamshika kuku mguu na kutuonyesha magamba.

"Mami, kuku alitoka kwa zile dinosaria zenye zilikuwa na manyoya. Na mamba ni wa boma hiyo. Mjusi anafanana na mamba, lakini huyo ni mtu wa mbali. Kuku ndiye ndugu ya karibu. Hata watoto wa mamba hulia ndani ya yai. Mama yao akisikia, anakuja kuwafukua."

Muthoni aliweka kikombe chini.

Tangu siku hiyo aliacha kuwapa kuku mgongo. Jogoo akimkodolea jicho, likifunikwa na ule utando mweupe, Muthoni alirudi nyuma polepole, kana kwamba yuko ukingoni mwa maji.

Juzi mayai yakaanza kulia, naye akatoka akaketi mlangoni, mikono masikioni. Niliogopa. Ni yeye aliyenifundisha kwamba kifaranga dhaifu asipoitikiwa hukata tamaa, na mwanamke huyu hana riziki nyingine.

"Mama Sheila, wanakuita," nikamwambia.

"Nasikia. Huyo mamba akiitwa, anakuja. Mimi siku ile niliita watu mpaka sauti ikaisha. Hakuna mtu alikuja."

Ndani, sauti moja ilikuwa ikififia. Muthoni aliisikiliza, uso umemsawijika, kisha akainuka akijifuta machozi.

"Siwezi kumfanyia mtoto wa mtu hivyo," akasema. "Hata kama ni wa boma hiyo."