Maziwa ya Lemayian na Kompyuta ya Nalotuesha

Siku hizi Kitengela mtu anakupita kama anavyopita nguzo ya stima. Vijana wameziba masikio kwa nyaya. Ukiwa mzee kama mimi ukasimama ungoje kusalimiwa, utasimama mpaka nyasi zikuotee miguuni. Ndiyo maana namwandika Nalotuesha, ambaye hana jina kubwa popote, lakini aliwahi kuinamisha kichwa siku ambayo kila mtu alimtaka asiiname.

Ilikuwa mwaka wa 2003. Nalotuesha, binti wa watu wa Kajiado, alikuwa fundi katika duka la kompyuta la Florence, kando ya barabara ya Namanga. Kutwa alitengeneza mashine za wenzake. Yake hakuwa nayo. Alitaka moja tu, akafungue chumba chake nyumbani Kajiado, awachapie watu barua na kuwafundisha watoto.

Ndipo yakaja mashindano. Katika ukumbi mmoja hapo Kitengela zilipangwa meza tatu, na juu ya kila meza kompyuta iliyofunguliwa vipande vipande: kasha, bodi, feni, nyaya. Atakayeunganisha yake kwanza mpaka kioo kiwake angeondoka nayo. Za watakaoshindwa zingerudishwa kwenye maboksi.

Alishindana na Aweys, kijana mpole ambaye baba yake aliuza redio mjini, na Oscar wa Ngong, ambaye hakuwa mpole.

"Dada, si ungebaki nyumbani utunge shanga?" Oscar akamwuliza.

"Nimetunga sana. Ndiyo maana vidole vyangu havitetemeki kama vyako."

Watu wakacheka. Ndambuki, mwamuzi, akapuliza filimbi.

Mimi nilikuwa nimeketi dirishani. Huko nje, mbali, nyumbu walikuwa wakivuka mbuga, maana wakati huo bado walikuwa na njia. Nyumba za mawe na seng'enge zilikuwa hazijaifunga. Walielea ndani ya vumbi kama moshi usiojua unakokwenda. Nikigeuza macho ndani, naviona vidole vya Nalotuesha vikienda vivyo hivyo, bila haraka na bila kusimama. Macho yangu yakawa mazito. Sikujua tena kama natazama mbuga au meza. Alikuwa mbele ya wenzake, na Oscar aliliona hilo, kwa sababu alikuwa ameacha kuongea.

Mlango ukafunguka. Akaingia Lemayian, mzee wa rika la baba yake, shuka begani, fimbo mkononi, kibuyu kwapani. Alikuwa ameambiwa mtoto wa rafiki yake yuko kwenye mashindano ya kasi, naye akamletea maziwa, kama anavyoletewa mtu aliyetoka mbioni.

"Mbona wanakimbia wakiwa wamesimama?" akaniuliza, na kabla sijamjibu alikwisha kufika mezani.

Nalotuesha alikiona kivuli cha fimbo. Akaweka bisibisi chini, akainamisha kichwa. Mzee akamwekea kiganja utosini.

"Takwenya," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia.

"Mama yako yuko salama? Na ng'ombe? Mvua imefika kwenu?"

Alijibu yote, moja baada ya jingine, kichwa kikiwa bado chini.

"Wewe msichana, saa inaenda!" Ndambuki akapiga kelele. "Mzee, tafadhali!"

"Inaenda wapi?" Lemayian akamwuliza.

Feni ya mashine ya Aweys niliisikia kama upepo wa mbali. Kisha mzee akafungua kibuyu, akapiga funda, akampulizia maziwa kichwani, baraka ya wazee wetu. Matone meupe yakatua kwenye nywele, mabegani, na juu ya bodi iliyokuwa wazi.

"Maziwa!" Ndambuki akashika kichwa. "Ameweka maziwa kwa kompyuta!"

Nalotuesha alishukuru. Alingoja mzee ageuke, ndipo akachukua pindo la leso, akaanza kupangusa bodi, tone kwa tone, akiipuliza kama mtu anayefufua moto. Kioo cha Oscar kikawaka. Watu wakamkimbilia.

Yeye aliendelea. Mwishowe chake pia kikawaka, mwanga wa buluu ukamjaa usoni. Akautazama kidogo. Kisha akazima, akachukua bisibisi, akaifungua mashine ile ile skrubu moja moja, akairudisha kwenye boksi.

Mwaka wa ule ukame mkubwa, 2009, nilimkuta Kajiado, katika chumba cha kupanga nyuma ya soko. Alikuwa na kompyuta moja, aliyoiunga kutoka kwa nyingine zilizokufa, na foleni ya wateja mlangoni. Alikuwa ameinamia mashine, hakuniona. Nikamwambia naandika habari zake, jinsi alivyomheshimu mzee bila kujuta.

"Usiandike hivyo, baba," akasema bila kuinua uso. "Nilijuta. Nililia ndani ya gari mpaka Isinya."

Ndipo akakumbuka kwamba hakuwa amenisalimu. Akaweka bisibisi chini, akazunguka kaunta, akainamisha kichwa. Wateja wakaguna. Mkono wangu ulikawia hewani kabla ya kumfikia utosini. Ulikuwa umeanza kusahau njia.