Nilivyompakulia Baba Mkwe Utupu

Jamani, niseme mapema kwamba aibu niliyoipata huku Marekani, pale Gaithersburg, bado sijaimaliza, kuna watu wa ushirika wetu wa Kiswahili mpaka leo wakinikuta dukani wanachungulia nimebeba nini. Chekeni tu, ila nisikilizeni.

Mimi ni mtu wa kompyuta, lakini jioni nilikuwa nasoma falsafa ya Kikristo ya zamani (hakuna aliyenituma), nikakutana na mtawa mmoja wa Ulaya ya kale aliyeshikilia kwamba utupu ni kitu. Hoja yake nyepesi: kila jina lina kitu linachokitaja, "utupu" ni jina, basi utupu upo, na giza nalo lipo, maana kitabu cha Mwanzo kinalitaja kabla ya nuru. Hoja hiyo ilinikaa kichwani hadi kazini.

Sasa, baba yake Neema, mpenzi wangu, ni mchungaji mstaafu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Dodoma, na posa yangu alikuwa bado hajaijibu. Jumamosi hiyo ushirika ukamwandalia chakula, kila mtu alete chake, mimi nikapewa neno la kufungua, na Neema akaniambia nilete pilau. Nikawaza, wali huwa haukosekani kwenye shughuli zetu, ngoja nimwonyeshe mzee kichwa alichonacho mkwewe: nikachukua hotpoti kubwa, tupu kabisa, nikaingia nayo ukumbini nimeinama kama mtu aliyebeba mawe. Mpango ulikuwa niifunue katikati ya neno niwaulize wanaona nini.

Foleni ya magari kwenye barabara kuu ya I-270 ikaharibu kila kitu. Watu walifika wamechelewa, wana njaa, na Mama Njeri, Mkenya anayesimamia jikoni, akatangaza, "Neno tuta-push mpaka baadaye, watu wakule kwanza," akaiweka hotpoti yangu mbele ya mgeni (sijui mikono yake haikuhisi wepesi?). Nikaangaza meza yote: mchuzi wa mbuzi, pondu ya Wakongo (kisamvu chao), sukuma wiki, kachumbari. Wali hakuna. Wote walikuwa wanategemea pilau yangu.

Ningesema hapo hapo ningepona, lakini mzee alishasimama anaombea chakula, na kwa upendo kabisa akaitaja "pilau ya kijana wetu", watu wakaitikia amina, Mama Njeri akafunua.

"Sasa hii ni nini? Rice iko wapi?"

Ingekuwa nyinyi mngekimbia. Mimi nikakohoa, nikamwaga hoja yote, mtawa, jina, giza, Mwanzo, na nawaambia sikukosea hata neno. Neema anatazama viatu vyake. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha sahani.

"Nimekuelewa, mwanangu. Basi nipakulie."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikampakulia, vijiko viwili vizima. Akashukuru, akamwaga mchuzi juu yake, akaenda kukaa.

Jioni nikampigia Neema kuuliza habari ya posa.

"Baba anasema jibu lake ni hicho hicho ulichompakulia."

Iliniuma, sifichi. Lakini mtawa wangu alikuwa sahihi, maana nilichopewa siku ile kilikuwa kizito kuliko hotpoti yoyote niliyowahi kubeba. Mzee bado yupo huku, nimeomba nafasi nyingine, na Neema kaniambia niende mapema na nisifundishe chochote. Nyama nimeshanunua, mchele nimeshachambua, na naapa hotpoti haitatoka tena kwangu kabla sijaifunua nikaonja.